Antigone Hakuwa na Rufaa

Tarehe 24 Agosti 1988, wilayani Muleba mkoani Kagera, mwanamke aitwaye Holaria Pastory aliuza shamba kwa shilingi 300,000. Shamba lilikuwa lake kwa wosia wa baba yake. Mnunuzi, Gervazi Kaizilege, alilipa, na mambo yangeishia hapo kama lisingekuwa shamba la ukoo, na mnunuzi si mtu wa ukoo huo. Kesho yake Bernardo Ephrahim, ambaye Holaria alikuwa shangazi yake, alifika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kuomba mauzo yatenguliwe. Hoja yake ilikuwa fupi: kwa mila ya Wahaya mwanamke anaweza kula matunda ya kibanja cha ukoo, ila hana mamlaka ya kukiuza. Mahakama ya Mwanzo ikakubali, ikaamuru mnunuzi arudishiwe fedha zake. Mahakama ya Wilaya ikautengua uamuzi huo. Ephrahim akapanda ngazi nyingine, na jalada likafika Mahakama Kuu mjini Mwanza.

Mhadhara huu unahusu tanzia ya Kigiriki, na kuanzia kwenye kibanja cha Muleba si kupotea njia. Swali lililoletwa Mwanza ni lile lile ambalo Sophocles aliliweka jukwaani Athens yapata mwaka 441 kabla ya Kristo: sheria ikidai jambo ambalo nafsi ya mtu inalikataa, nani ana neno la mwisho? Tofauti ni kwamba Antigone, binti wa tamthilia ya Sophocles, alisikilizwa mara moja tu, na aliyemsikiliza ndiye aliyetunga sheria, ndiye mwenye walinzi waliomkamata, na ndiye aliyemhukumu.

Kisa chenyewe kinasimulika upesi. Ndugu wawili, Eteocles na Polynices, wameuana kwenye malango ya Thebes wakigombea kiti cha marehemu baba yao, Oedipus. Mjomba wao Creon anatwaa utawala na kutoa amri siku hiyo hiyo. Eteocles, aliyeulinda mji, azikwe kwa heshima zote. Polynices, aliyeuletea jeshi la wageni, aachwe juani aliwe na mbwa na ndege, na atakayemfukia atauawa. Dada yao Antigone anamnyunyizia kaka yake udongo. Walinzi wanaufagia. Anarudi mara ya pili mchana kweupe, anakamatwa, na mbele ya mjomba wake hakani neno. Anasema alizijua amri zake, lakini hakuona kwamba tangazo la mwanadamu lina nguvu ya kuzipita sheria za miungu, zisizoandikwa, ambazo hakuna ajuaye zilianza lini.

Wasomaji wa Kiswahili wamemfahamu Sophocles tangu 1971, Samuel Mushi alipochapisha tafsiri yake ya Mfalme Edipode. Mushi baadaye alikuwa profesa wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jambo ambalo halishangazi sana, kwa sababu tamthilia hizi ziliandikwa na watu walioishi ndani ya siasa. Sophocles mwenyewe alichaguliwa kuwa mmoja wa majenerali kumi wa Athens muda mfupi baada ya Antigone kuigizwa. Tena watazamaji wake walijua kuwa sheria ya Athens yenyewe ilikataza msaliti kuzikwa katika ardhi ya mji. Kwa hiyo Creon hakuonekana kichaa tangu sentensi yake ya kwanza. Alipopita mpaka ni pale alipokataza maiti isizikwe mahali popote, wala na mtu yeyote.

Usomaji uliozoeleka ni kwamba Antigone ni dhamiri na Creon ni dola, basi. Ndivyo tamthilia ilivyotumika Afrika Kusini, ambako wafungwa wa Robben Island waliiigiza wenyewe, Nelson Mandela akicheza nafasi ya Creon. Na kweli ziko nyakati ambapo usomaji huo unatosha kabisa, hata kwenye mwambao wa Ziwa Victoria.

Februari 1977 ulikuwa wakati wa namna hiyo. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alikamatwa Kampala tarehe 16, na serikali ya Idi Amin ikatangaza kwamba amefariki kwa ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Waumini walimchimbia kaburi kwenye kilima cha Namirembe, karibu na la Askofu James Hannington. Serikali haikutoa mwili. Ulipelekwa kaskazini na kuzikwa Mucwini, kijijini kwao, na huku Namirembe watu walikusanyika wakasali kando ya shimo tupu. Hapo hakuna haja ya wanafalsafa kupima pande mbili. Amin huyo huyo, mwaka 1971, alikuwa ameruhusu mwili wa Kabaka Edward Mutesa, aliyefariki London mwaka 1969 akiwa uhamishoni, urudishwe na kuzikwa Kasubi kwa heshima kubwa. Watawala wanajua fika uzito wa kaburi. Ndiyo maana wanalitoa na kulinyima kama mali.

Mkazi wa Mwanza naye hahitaji kufafanuliwa kwa nini mtu afe kwa ajili ya udongo wa kiganjani. Makaburi ya Igoma yako pale pale, ya watu waliotolewa majini baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, ikiwa imebeba mamia ya abiria. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na gati la Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Miili ambayo haikutambuliwa ilizikwa kisiwani huko huko na serikali. Katika misiba hiyo dola ilifanya kazi ya ndugu, yaani ilizika, na hakuna aliyeona ajabu.

Ila usomaji wa dhamiri dhidi ya dola una udhaifu, na udhaifu huo unajitokeza vizuri zaidi kwenye ukanda huu wa maziwa kuliko Ulaya. Unachukulia kwamba sheria isiyoandikwa iko siku zote upande wa mnyonge. Kesi ya S. M. Otieno ilionyesha vingine.

Silvano Melea Otieno, wakili mashuhuri wa Nairobi, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, Mkikuyu aliyepigania uhuru ndani ya Mau Mau, alitaka kumzika kwenye shamba lao la Matasia, karibu na Ngong. Alisema hayo ndiyo yalikuwa mapenzi ya mumewe, na kwamba ndoa yao ilifungwa kwa sheria za kiserikali, si za kimila. Kaka wa marehemu, Joash Ochieng Ougo, pamoja na ukoo wa Umira Kager walisema Mjaluo huzikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya. Asipozikwa huko, roho yake haitatulia na walio hai watateseka. Kila Mjaluo wa Rorya upande wa Tanzania angeielewa hoja hiyo bila mkalimani. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliitwa kizimbani kutoa ushahidi juu ya mila hizo. Si mara nyingi profesa wa falsafa anahojiwa na mawakili kuhusu mahali pa kumlaza marehemu.

Sasa nani alikuwa Antigone katika shauri hilo? Aliyesimama peke yake, mwanamke, mkaidi, asiyetishika, ni Wambui. Lakini maneno ya Antigone, ya wajibu kwa wafu na sheria za tangu na tangu zinazopita karatasi za serikali, yalitoka kwa shemeji yake. Mjane ndiye aliyetetewa kwa sheria iliyoandikwa. Februari 1987 Jaji S. E. O. Bosire aliupa ukoo ushindi, Mei Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye, na tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kufa, Otieno akazikwa Nyalgunga. Mkewe hakwenda mazikoni.

Aristotle angetabasamu. Katika kitabu chake juu ya ufasaha wa kusema mbele ya watu, aliwafundisha wasemaji mahakamani kwamba sheria iliyoandikwa ikiwa dhidi yako, kimbilia sheria ya jumla isiyoandikwa, na mfano aliowapa ulikuwa Antigone. Ikiwa iliyoandikwa iko upande wako, fanya kinyume chake. Mwalimu huyo hakuona aibu kusema kwamba hoja takatifu kuliko zote inaweza kuazimwa na upande wowote.

Na hata dhamiri ya Antigone, ukiichungulia vizuri, si ya jumla kama inavyosifiwa. Karibu na mwisho, akipelekwa pangoni kufungiwa mpaka afe, anasema jambo ambalo limewakera wasomaji wengi: asingefanya hivyo kwa ajili ya mume wala mtoto. Mume mwingine angepatikana, na mtoto mwingine angezaliwa. Lakini baba na mama wakiwa wamekwisha kufa, kaka hapatikani tena. Goethe aliuchukia mstari huo kiasi cha kutamani wataalamu wathibitishe kuwa uliongezwa baadaye na mtu mwingine. Msomaji wa kando ya ziwa pengine haoni tatizo. Binti anaongea lugha ya ukoo. Dhamiri yake imezaliwa nyumbani, kwenye damu, na inajua ni nani anamdai nini. Ndiyo nguvu yake, na ndicho kinachoifanya iwe hatari ikishika madaraka.

Hapa ndipo kibanja cha Muleba kinaporudi. Mila aliyoitegemea Ephrahim haikuwa tena maneno ya wazee barazani. Wakati wa Waingereza, Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali, aliandika mila za Wahaya, kitabu kikatoka mwaka 1945 akishirikiana na M. M. Hartnoll, na mwaka 1953 akatoa kingine juu ya mila za Wasukuma. Baada ya uhuru, serikali ya Tanganyika ilitaka mila zisomeke kwa namna moja katika wilaya nyingi, na mwaka 1963 ikatangaza Amri ya Sheria za Mila, iliyochapwa kwenye Gazeti la Serikali. Kifungu cha 20 cha kanuni za urithi kinasema wanawake wanaweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo wataitumia tu bila kuiuza. Sheria isiyoandikwa ikapewa namba, na jambo ambalo wazee wangeweza kulijadili upya kila msiba likaganda kwenye karatasi. Aliyeliandika alidhani anaihifadhi mila; kwa kiasi fulani aliinyima uwezo wa kubadilika.

Majaji wa kwanza waliokutana na kifungu hicho walikunja mikono. Mwaka 1968, katika shauri jingine la Wahaya, Jaji Hamlyn alisema kwamba kubadilisha mila ni kazi ya jamii yenyewe, si ya mahakama. Ni msimamo wa heshima, na una mvuto wake. Unafanana sana na ule wa wazee wa Thebes katika tamthilia, wanaosikitika kwa upole huku binti akipita mbele yao kwenda kufa.

James Mwalusanya, jaji aliyeketi Mwanza mwaka 1990, hakukunja mikono. Hati ya Haki za Binadamu ilikuwa imeingizwa kwenye Katiba ya Tanzania mwaka 1984, na mahakama ziliruhusiwa kuitumia kuanzia Machi 1988, miezi mitano tu kabla Holaria hajauza shamba. Tanzania ilikuwa imeridhia mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1985. Sheria ya mpito ya 1984 nayo iliziruhusu mahakama kuzisoma sheria za zamani kwa marekebisho yatakayozipatanisha na Katiba. Jaji akavishika vyote vitatu na kutamka kuwa kifungu cha 20 kinabagua, na kuanzia hapo mwanamke ana uwezo wa kuuza sawa na mwanamume.

Kinachosahaulika mara nyingi ni nusu ya pili ya hukumu. Mwanamume wa Kihaya akiuza ardhi ya ukoo bila ridhaa ya ndugu, ukoo una haki ya kuikomboa kwa kumlipa mnunuzi. Jaji aliiacha haki hiyo ikasimama: mauzo ya Holaria ni halali, na Ephrahim akitaka kibanja, amrudishie Kaizilege shilingi 300,000 ndani ya muda aliopewa. Ukoo haukunyang'anywa mila yake. Uliambiwa tu itumike kwa wote.

Hilo ndilo Haemon alilomwomba baba yake. Haemon ni mtoto wa Creon na mchumba wa Antigone, na mazungumzo yake na babaye ni kiini cha tamthilia, ingawa mabango hupenda kumchora binti. Haanzi kwa ubishi. Anamwambia mzee, kwa adabu ya mtoto, kwamba uso wa mfalme huwatisha watu wa kawaida wasiseme. Yeye kijana husikia wanayonong'ona gizani, na mji mzima unamlilia binti. Kisha anamkumbusha nahodha anayekaza demani ya tanga asiilegeze hata kidogo, mwisho wa safari yake ukawa chombo kupinduka. Mvuvi wa Ukerewe asingehitaji maelezo zaidi. Creon anajibu kwa kuuliza kama mji ndio utakaomwagiza la kuamuru, na kijana anamwambia kwamba mji wa mtu mmoja si mji. Ombi la Haemon halikuwa sheria ifutwe. Aliomba isikilize.

Wakosoaji wa Athens watauliza kama mahakama za wengi ni dawa. Athens ilikuwa nazo, na historia yake haimtulizi mtu. Mwaka 406 kabla ya Kristo, mwaka ambao Sophocles alikufa, majeshi ya Athens yalishinda vita vya majini huko Arginusae, kisha dhoruba ikazuia meli kuwaokoa waliozama na kuwachukua waliokufa. Mji ulighadhibika. Majenerali wanane wakashtakiwa kwa pamoja kwa kura moja, kinyume cha sheria iliyotaka kila mtu ahukumiwe peke yake. Xenophon anasimulia kwamba katika kamati iliyoongoza mkutano siku hiyo alikuwamo Socrates, na yeye peke yake alikataa kuipeleka hoja hiyo kwenye kura kwa kuwa ni haramu. Ilipigwa hata hivyo. Sita waliokuwapo Athens waliuawa, na baadaye mji ukajuta.

Yeyote aliyesimama Igoma, au Bwisya kisiwani Ukara, anaielewa hasira ile ya Waathene kwa maiti zilizobaki majini. Lakini linalogusa zaidi ni alipokaa Socrates. Dhamiri yake haikuwa nje ya sheria ikiipigia kelele dola. Ilikuwa kitini, kwenye kamati, imeshika kanuni za mkutano, na watu waliokiuka sheria ndio waliokuwa wakidai uchungu wa ndugu. Antigone alikuwa na mchanga tu mkononi. Socrates na Mwalusanya walikuwa na utaratibu.

Utaratibu nao hukata pande zote. Mwaka 1994, akiwa Dodoma, Mwalusanya alitamka kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na adhabu ikabaki kwenye vitabu. Jaji alisema lililomkaa moyoni, wakubwa wake wakamsikiliza, wakakataa. Mtu anaweza kuliona hilo ni kushindwa. Angalau hakuna aliyefungiwa pangoni kwa kulisema.

Shauri la Shinyanga ni gumu zaidi kulimeza. Wajane wawili wa huko, waume zao walipofariki, waliondolewa na wakwe kwenye nyumba walizoishi na watoto wao. Kanuni za 1963 zinasema mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Mwaka 2005 walifungua shauri Mahakama Kuu. Mwaka uliofuata majaji walikubali kwamba kanuni hizo zinabagua, kisha wakakataa kuzifuta, wakisema mila haibadilishwi kwa tamko la mahakama na kwamba kufanya hivyo ni kufungua kisanduku cha Pandora, mila zote za makabila yapatayo 120 zifuate njia hiyo hiyo. Pandora, wa hadithi za Kigiriki, akawa shahidi dhidi ya wajane wa Kisukuma, na sauti ya Jaji Hamlyn wa 1968 ikasikika tena kana kwamba hukumu ya Mwanza haikuandikwa.

Walikata rufaa. Ilikaa miaka minne. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupilia mbali kwa sababu hati ya amri ya Mahakama Kuu ilikuwa na kasoro ya tarehe. Hoja yenyewe haikujadiliwa. Kwa hiyo kuna rufaa ambayo mtu anaipata na bado hasikilizwi, na mhadhara huu ungekuwa wa uongo kama ungeisifu ngazi ya mahakama bila kuitaja kesi hii. Creon alipobadili nia, baada ya mtabiri Tiresias kumwonya, wazee walimshauri amtoe binti pangoni, kisha ajenge kaburi. Yeye alianza na kaburi. Alimwosha Polynices, akachoma mabaki yake, akainua kichuguu cha udongo, yote kwa utaratibu unaotakiwa, na alipofika pangoni Antigone alikuwa amejinyonga.

Wajane wa Shinyanga walikwenda kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Machi 2015 Kamati iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao, ikapendekeza walipwe fidia na kanuni za 1963 zirekebishwe au zifutwe, na ikaipa serikali miezi sita kutoa majibu. Wakati huo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilikuwa na miaka 16 tangu itungwe, na ndani yake mlikuwa na kifungu kinachobatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Kanuni za urithi za 1963 nazo zilikuwa bado zinatumika, kwenye mahakama zile zile, kwa wanawake wale wale.